Kutoka viini vya atomu hadi nyota za nyutroni: pa kuanzia baada ya uzamivu

Swali: Ninamalizia uzamivu wa fizikia ya nyuklia ya nadharia katika chuo kikuu kimoja hapa Kenya, ambako pia ni mhadhiri msaidizi. Kazi yangu yote imekuwa kukokotoa muundo wa viini vyenye nyutroni nyingi kwa modeli ya maganda, inayopanga protoni na nyutroni za kiini kwa matabaka. Natamani kuendelea na utafiti wa baada ya uzamivu, ila niingie upande wa nyota. Je, watanipokea mimi ambaye sijasoma astronomia? Sina kompyuta kubwa, nina mpakato tu. Halafu nina mume na mtoto wa miaka 3. Nianzie wapi?

Jibu: Dada, nianze na hilo linalokutia hofu zaidi. Kutosoma astronomia si kikwazo. Maswali mengi magumu ya nyota za nyutroni, yaani masalia yaliyofinyana ya nyota kubwa zilizokufa, yamekwama kwenye fizikia ya nyuklia, na watu wa darubini wanalijua hilo. Katika maombi ninayoyasoma, kinachowaangusha wengi ni kitu kingine kabisa: mtu anaandika kurasa mbili akieleza mbinu anazozimudu, na ukifika mwisho bado hujui anataka kujua nini. Hilo ndilo nitakalolisemea kwa kirefu, maana ndilo linaloamua.

Kumbuka yaliyotokea tarehe 17 Agosti 2017. Vipokezi vya LIGO nchini Marekani vilinasa mawimbi ya uvutano ya nyota mbili za nyutroni zilizozungukana, zikakaribiana, hatimaye zikagongana. Virgo, kipokezi cha aina hiyo hiyo kule Italia, ikasaidia kubana eneo la anga yalikotoka. Sekunde 1.7 hivi baadaye setilaiti ya Fermi iliona mmweko wa miale ya gama. Baada ya takriban saa 11, darubini ya Swope nchini Chile ilikuta nuru mpya kwenye galaksi ya NGC 4993, umbali wa miaka nuru milioni 130 hivi. Nuru hiyo ilianza ikiwa na ubuluu, na ndani ya siku chache ikageuka nyekundu huku ikififia.

Watu wa nadharia walikuwa wameshaisubiri. Mwaka 1974 James Lattimer na David Schramm walipendekeza kwamba nyota ya nyutroni ikiraruliwa na shimo jeusi, mada inayorushwa nje, yaani vitu vilivyoiunda nyota hiyo, inaweza kuzaa elementi nzito. Mwaka 1998 Li-Xin Li na Bohdan Paczyński walieleza kuwa mabaki ya namna hiyo yatang'aa kwa joto la viini vinavyooza. Kisha mwaka 2010 Brian Metzger, wakati huo mtafiti wa baada ya uzamivu pale Princeton, aliongoza makala iliyowakutanisha watu wa nyota na watu wa viini, wakiwemo Gabriel Martínez-Pinedo na Almudena Arcones. Walifuatilia uozo wa viini vilivyotapakaa kwenye mabaki, wakakokotoa joto linalotoka, wakapata kwamba mwangaza kwenye kilele chake utafika kama mara 1,000 ya nova ya kawaida, yaani nyota inayong'aa ghafla kwa mlipuko. Jina la kilonova linatoka hapo. Miaka mitatu baadaye Daniel Kasen, Jennifer Barnes na wenzao walionyesha kwamba lanthanidi, kundi mojawapo la elementi nzito, huzuia mwanga vikali mno, hivyo nuru inachelewa kutoka na inatoka ikiwa nyekundu. Ndivyo ilivyoonekana mwaka 2017.

Sasa isome ile makala ya 2010 kwa jicho la mwombaji kazi. Swali lake ni moja na linaeleweka hata kwa mtu wa fani jirani: mgongano huu ukitokea, tutaona nuru kiasi gani, na kwa muda gani? Mbinu zote zilizomo, na ni nyingi, zinalitumikia swali hilo. Aliyeiongoza hakuwa profesa mwenye jeshi la wanafunzi. Alikuwa mtu aliye kwenye ngazi unayotaka kuipanda wewe.

Nije kwako. Unasema unakokotoa viini vyenye nyutroni nyingi. Hivyo ndivyo vinavyotengeneza dhahabu na urani, dada. Katika mada iliyorushwa, kiini humeza nyutroni moja baada ya nyingine haraka kuliko kinavyoweza kuoza kwa beta (nyutroni kugeuka protoni), kikasogea mbali sana na viini imara. Msafara huo hukwama penye maganda yaliyojaa, kwenye nyutroni 50, 82 na 126. Kukwama huko ndiko kunakoacha vilele vitatu tunavyoviona katika wingi wa elementi za jua letu, karibu na namba za tungamo (jumla ya protoni na nyutroni) 80, 130 na 195. Dhahabu na platinamu ziko kwenye kilele cha tatu. Viini vya nyutroni 126 vinavyokizaa kilele hicho vingi havijawahi kupimwa maabara. Kituo cha FRIB pale Michigan State University, kilichoanza kazi mwaka 2022, kile cha RIKEN huko Japani, na FAIR kinachojengwa Darmstadt, vyote vinavikimbilia. Mpaka vipimo vije, kinachotumika ni makadirio ya nadharia, na modeli ya maganda ni mojawapo ya nyenzo bora tulizo nazo kukadiria nusu uhai wa viini hivyo, yaani muda wa nusu yake kuoza.

Kwa hiyo swali lako la kwanza linaweza kuwa hili: nusu uhai wa viini vya nyutroni 126 ukiwa mfupi mara mbili kuliko tunavyodhani, je, nuru ya kilonova itabadilika kiasi cha kuonekana na darubini? Hilo ni swali zima. Lina upande wa viini, ambao ni wako tayari, na lina kitu cha kupima mwishoni. Programu ya WinNet, inayofuatilia maelfu ya viini na mibadiliko yake, iko wazi kwa kila mtu. SkyNet pia. Zote mbili zinaweza kufuatilia kipande kimoja cha mada kwenye mpakato wako. Unachukua mfano mmoja wa mada inayotanuka, unaiendesha kwa nusu uhai wa kawaida, halafu unaiendesha tena ukiwa umebadilisha zile namba chache za kwenye nyutroni 126, na unalinganisha kilele cha tatu na joto linalotoka siku ya kwanza, ya tano, ya kumi. Matokeo hayo hayatakupa tuzo, lakini yatakupa mchoro mmoja wa kuweka kwenye maombi, na mchoro huo utasema mengi kuliko aya nzima ya kujieleza.

Kuna mlango wa pili, na mimi ndio ninaoupenda zaidi: ukubwa wa nyota yenyewe.

Nyota ya nyutroni ina tungamo la jua moja na nusu hivi, limefinywa kwenye mpira wenye nusu kipenyo cha kilomita 12 au 13. Kwa nini isiporomoke? Mwaka 1939 Robert Oppenheimer na George Volkoff, wakitumia kazi ya Richard Tolman, walikokotoa nyota ya nyutroni zisizosukumana kabisa, zinazoshikiliwa na kanuni za kwanta peke yake. Walipata kwamba tungamo haliwezi kuzidi 0.7 ya jua. Leo tunazijua nyota zinazokaribia 2.1, mfano PSR J0740+6620. Tofauti hiyo ya kutoka 0.7 hadi 2.1 inabebwa na nguvu za nyuklia: nyutroni zikibanwa sana zinasukumana. Ndiyo maana nakwambia watu wa nyota wanakuhitaji.

Hesabu hii ifanye mwenyewe, wiki hii ukiweza. Chagua msongamano wa katikati ya nyota, tuseme mara tatu ya ule wa kiini cha atomu, ambao ni gramu 2.7 × 10¹⁴ kwa kila sentimita moja ya ujazo. Uhusiano wa msongamano na mgandamizo, tunaouita mlinganyo wa hali, unakupa mgandamizo wa pale katikati. Piga hatua ya mita chache kwenda nje. Jumlisha tungamo la tabaka ulilolipita, punguza mgandamizo kadiri milinganyo ya Tolman, Oppenheimer na Volkoff inavyotaka, kisha piga hatua nyingine. Mgandamizo ukifika sifuri, umefika juu ya nyota: umbali uliokwenda ni nusu kipenyo chake, na jumla uliyoibeba ni tungamo lake. Rudia kwa misongamano mingine ya katikati na utapata mstari mzima wa tungamo dhidi ya nusu kipenyo. Anza na nyutroni zisizosukumana. Kilele cha mstari kikikaa kwenye 0.7, programu yako haina kasoro. Baada ya hapo pakua milinganyo ya hali ya kisasa kutoka hazina ya CompOSE, iliyo wazi kwa wote, uangalie ipi inafika 2 na ipi inaporomoka kabla. Mistari 100 ya Python inatosha, na mpakato wako hautapata hata joto.

Humo humo ndimo mna ugomvi unaoendelea. Maabara ya Jefferson, Marekani, ilipima ngozi ya nyutroni ya kiini cha risasi-208 (metali ya risasi), yaani jinsi nyutroni zinavyotokeza nje kuliko protoni. Matokeo ya jaribio hilo, PREX, yaliyotoka 2021 yalikuwa femtomita 0.283, kosa la kipimo likiwa 0.071. Ngozi nene namna hiyo inaashiria kwamba mada yenye nyutroni nyingi inasukuma kwa nguvu, na hilo linaelekeza kwenye nyota yenye nusu kipenyo kikubwa. Mwaka uliofuata kundi la CREX lilipima kalsiamu-48 kwa njia ile ile, likapata ngozi nyembamba, femtomita 0.121. Modeli nyingi zinazoiridhisha ya kwanza zinaikosa ya pili. Huku juu kipokezi cha NICER, kilichofungwa kwenye kituo cha anga za juu cha kimataifa tangu 2017, kimeipa ile nyota ya J0740+6620 nusu kipenyo cha kilomita kati ya 12 na 14 hivi, kutegemea ni kundi gani lililochambua data. Kiini cha risasi na nyota ya nyutroni vimetofautiana kwa ukubwa kwa kiasi cha 1 yenye sifuri 18, na bado vinatawaliwa na mlinganyo mmoja wa hali. Mimi bado jambo hili linanishangaza.

Usije ukadhani haya ni mambo ya mbali na kwenu. Setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksrei ya anga ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru. Ikapewa jina Uhuru. Ndiyo iliyogundua mapigo ya Centaurus X-3, ya kila sekunde 4.8, yaliyoonyesha nyota ya nyutroni ikinyonya gesi ya nyota mwenzake. Na hadi leo kituo kikuu cha kupokelea data za setilaiti ya Swift kiko Malindi hapo hapo. Swift ilikuwa miongoni mwa zilizoitazama ile kilonova ya 2017 ikiwa bado na ubuluu. Kusini zaidi, darubini ya MeerKAT ya Karoo, Afrika Kusini, ilituletea mwaka 2024 kitu cha ajabu kwenye kundi la nyota la NGC 1851, chenye tungamo kati ya 2.09 na 2.71 ya jua: ni nyota nzito mno ya nyutroni, au shimo jeusi jepesi mno. Hakuna anayejua, na jibu linategemea kwa sehemu mlinganyo wa hali.

Sasa barua yenyewe. Mwombaji wa kawaida huanza hivi: "Nina uzoefu wa modeli ya maganda, Fortran na Python, na ninatafuta nafasi ya kuendeleza taaluma yangu." Wanaoomba ni wengi, na wote wana uzoefu huo. Wewe anza hivi: "Nataka kujua kama nusu uhai wa viini vya nyutroni 126 unaweza kubanwa na nuru ya kilonova. Hesabu yangu ya awali inaonyesha hivi, mchoro uko chini; kikwazo ni kwamba sijaweka mwanga unaopenya kwenye mada, kazi ambayo kundi lenu linaifanya." Msomaji ameshajua unataka nini, umefika wapi, na kwa nini umemwandikia yeye. Ukurasa wa pili ndio wa mbinu.

Barua tatu za wadhamini ndizo kawaida, na hapa ndipo waombaji wetu wanapoumia. Wadhamini wote watatu wakiwa wa idara moja, kamati ya ng'ambo haina pa kukulinganisha. Tafuta mmoja wa nje, nawe hupati mtu huyo kwa kumwandikia "naomba barua". Unampata kwa kumpelekea mchoro wako na swali moja mahsusi kuhusu makala yake. Unampata pia kwenye warsha: vituo vya nadharia ya nyuklia vya ECT* ya Trento na INT ya Seattle, kozi za TALENT za nadharia ya nyuklia, na ICTP ya Trieste, kituo cha fizikia ya nadharia iliyoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu. ICTP ina tawi lake Kigali, EAIFR, tangu 2018. Kutoka kwenu ni safari fupi. Na iThemba LABS, karibu na Cape Town, wana saiklotroni (mashine ya kuzipa chembe kasi) na watu wa viini ambao wataielewa kazi yako bila utangulizi.

Kuhusu ratiba: nafasi nyingi za Marekani na Ulaya hutangazwa Septemba na Oktoba, maombi hufungwa kati ya Oktoba na Desemba, na kazi huanza vuli ya mwaka unaofuata. Tazama tovuti ya fizikia ya INSPIRE na orodha ya kazi ya chama cha wanaastronomia cha Marekani. Kwa taasisi zinazofuata makubaliano ya chama hicho, hulazimishwi kujibu kabla ya tarehe 15 Februari, kwa hiyo mtu akikubana Desemba una haki ya kuomba muda kwa adabu. Ruzuku za Marie Skłodowska-Curie, za Umoja wa Ulaya, hufungwa kwa kawaida Septemba. Ni za mtu wa uraia wowote mwenye uzamivu usiozidi miaka 8, mradi hajaishi sana kwenye nchi anayokwenda. Kwa ile ya Humboldt, Ujerumani, lazima uwe na mwenyeji aliyekubali. Zote mbili zinakutaka uje na swali lako mwenyewe. Ningekuwa wewe ningeziweka mbele ya nafasi iliyotangazwa na mradi wa mtu, hata kama ni ngumu kuzipata.

Mkataba wa kawaida ni miaka 2, mara nyingine 3. Ukiitwa usaili, nawe uliza. Waliopita hapo kabla yangu wako wapi sasa? Nitakuwa na muda wa kazi yangu, au nitakuwa fundi wa programu ya kundi? Nani atakaa nami kila wiki? Omba kuzungumza na mtafiti aliyepo sasa bila mkubwa wake kuwapo. Chuo chenye jina kubwa ambamo profesa huonekana mara mbili kwa mwaka sikushauri ukifuate. Kundi dogo lenye mtu anayesoma rasimu zako ni bora mara nyingi.

Jambo jingine sitalificha. Wengi wanaofanya utafiti huu hawaishii na kazi ya kudumu ya utafiti. Wanakwenda kwenye data, mabenki, fizikia ya tiba, nishati. Wewe una kitu ambacho wenzako wa Ulaya hawana, nacho ni ajira chuoni. Usijiuzulu. Omba likizo, hata iwe bila malipo, na upate barua iliyosainiwa inayosema utarudi kwenye nafasi yako. Usitegemee ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara, kwa sababu wakuu wa idara hubadilika.

Kuhusu mume na mtoto, Marie Curie na Humboldt zote zina nyongeza kwa wenye familia. Ujerumani, mwenza anayekuja kwa kibali cha familia anaruhusiwa kufanya kazi. Marekani kwa viza ya J, ya wageni wa mabadilishano, mwenza anaomba kibali cha kazi baada ya kufika, na kinaweza kuchelewa. Baadhi ya viza hizo za J zina sharti la kurudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba aina nyingine fulani za viza, kwa hiyo waulize kwa maandishi kama linakuhusu. Suala la mtoto lianze mapema kuliko yote. Miji mingi ya vyuo Ujerumani ina foleni ndefu za nafasi za shule ya chekechea, na ofisi ya chuo inayowapokea wageni inaweza kumwandikisha mtoto kabla hamjapanda ndege. Waandikie siku ile ile utakayopata barua ya kukubaliwa, na uwatajie tarehe ya kuzaliwa ya mtoto kwenye barua ya kwanza.